Tulivyoitwa na tunavyoitana

Wanamemba wapenzi, nanyi marafiki wetu mnaotuunga mkono kutoka mbali, jambo kwenu.

Tumeandika "jambo" kwa kusudi. Kwetu Fizi na Uvira hiyo ndiyo salamu ya kila siku: jambo mama, jambo papa, jambo sana. Mtu akipita karibu na nyumba bila kusema jambo, watu wanaulizana kama ana kesi nao. Lakini wale kati yetu waliovuka ziwa mwaka 1996 wanakumbuka ginsi neno hilo lilivyopokelewa Kigoma. Tulimwamkia muzee mmoja wa kule kwa "jambo", tena kwa kuinama na kumshika mkono kwa mikono miwili, naye akatuangalia kama watu waliopotea njia. Ng'ambo ile, jambo ni salamu ya kumwambia mzungu aliyeshuka kwenye ndege. Muzee alikuwa anangoja "shikamoo", na sisi hatukuijua. Yeye aliona watu wazima wasiofunzwa adabu. Sisi tuliona muzee mwenye kiburi. Tukaachana hivyo, kila mtu na heshima yake mkononi, haikupokelewa.

Komite imetuomba tuandike habari hii kwa sababu ya yale yaliyotokea katika chama mwaka uliopita. Wengi wanayajua, lakini si wote. Memba mmoja anayeishi Marekani aliandika kwenye kikundi chetu cha simu, mbele ya watu wote, maneno matano: "Nataka hesabu ya sanduku kesho." Muzee wetu mtunza sanduku, aliyeanza kazi hiyo tangu tulipokuwa Lugufu, alisoma akazima simu. Kesho yake asubuhi alileta ufunguo na daftari kwa prezida, akaviweka juu ya meza, akaondoka bila kukaa. Kwa wiki tatu sanduku halikufunguliwa. Katika wiki hizo mama mmoja mwenye mtoto hospitalini alikuja kuomba mkopo wa dawa, tukamwambia angoje, akaenda kukopa kwa mtu wa riba. Mpaka leo analipa ile riba.

Watu waligawanyika upesi. Wengine: vijana wa Marekani wamepoteza adabu. Wengine: wazee hawapendi kuulizwa juu ya franga. Sisi tulioshika kalamu hapa tunaona kesi hiyo ina mizizi mirefu kuliko yule kijana na yule muzee, ndiyo maana tunarudi nyuma kidogo.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, kwa maana hakikuota katika udongo wetu. Kilivuka ziwa kutoka Ujiji pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, mpaka Nyangwe na Kasongo kwenye mto Lualaba. Watu wa misafara hiyo, wale waliovaa kanzu na kusema lugha ya pwani, walijiita waungwana, yaani watu huru, watu wa adabu. Kutokana nao lugha yetu ikaitwa Kingwana, jina ambalo wazee wetu bado wanalijua. Hapo kuna jambo la kufikiria. Jina la lugha yetu linatoka kwa neno "uungwana", neno zuri sana, lakini wakati ule lilikuwa linatenga: huyu ni muungwana, yule ni mtumwa. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe siku watu wa misafara walipowapiga risasi wanawake waliokuja sokoni, wakafa kwa mamia, wengine majini walipokuwa wanakimbia. Waliopiga walikuwa watu wa Kiswahili safi. Basi usemi mzuri peke yake haujamhakikishia mtu chochote, na yule anayetucheka leo kwa sababu Kiswahili chetu hakifanani na cha pwani, akumbuke njia ambayo lugha hiyo ilipitia mpaka kutufikia.

Halafu wakaja Wabelgiji. Hao walikuta Kiswahili wakakitumia, lakini walichukua kipande kimoja tu cha lugha: amri. Vitabu vidogo vilivyotungwa ili mzungu ajifunze kusema na watumishi wake vilijaa leta, beba, fagia, upesi. Baba zetu waliofanya kazi katika mashamba ya pamba na barabara walikuwa wakiiga ile sauti jioni, wakichekesha watoto. Kwa Kifaransa ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu Kifaransa kina njia mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe". Kuna "tu", ya rafiki, ya mtoto na ya mbwa. Kuna "vous", ya mtu wa kuheshimiwa. Mzungu alimwambia Mwafrika yeyote "tu", hata mwalimu mwenye mvi, hata padri. Mwaka 1948 serikali ya koloni ikatoa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza cheti kingine cha juu zaidi kwa wale walioitwa watu walioendelea. Watu walikaguliwa nyumbani, wakaangaliwa kama wanakula mezani, kama bibi anajua kufua mashuka. Wengi walitaka karatasi hiyo si kwa faida ya mfukoni tu, bali wasikie siku moja mzungu anawaambia "vous". Hata Patrice Lumumba alikuwa na cheti hicho.

Na ni Lumumba aliyelisema mbele ya mfalme. Tarehe 30 Juni 1960, katika hotuba ambayo haikuwa kwenye programu, alipohesabu mateso ya ukoloni, kazi ya nguvu, mapigo, mashamba yaliyonyang'anywa, alitia ndani pia ile "tu". Alikumbusha kwamba Mwafrika aliambiwa "tu" si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" iliwekwa kando kwa wazungu peke yao. Wageni wengine waliona ni ajabu kuweka neno dogo namna hiyo karibu na mambo makubwa ya jela na damu. Wakongomani waliokuwa wanasikiliza kwenye redio hawakuona ajabu. Kila mtu alikuwa na siku yake anayoikumbuka.

Mobutu naye alijua nguvu ya kuita. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaïre, mwaka 1972 majina ya kizungu yakakatazwa, na "monsieur" na "madame" yakafutwa: kila mtu "citoyen", kila mama "citoyenne", mkubwa na mdogo. Lilikuwa neno la usawa. Lakini askari aliyekuomba franga barabarani alikuita citoyen pia, na hapo neno likaoza. Upande wa pili wa ziwa, katika miaka ile ile, Watanzania walikuwa wanaitana "ndugu", na hao wengi walilipenda kweli. Hatutaongeza mengi juu ya siasa hiyo.

Sasa tufike kwenye kambi, maana hapo ndipo chama chetu kilizaliwa. Vita vilipoingia Uvira na Fizi mwezi wa kumi 1996, watu walivuka kwa mitumbwi na kwa maboti ya wavuvi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo, Lugufu mwaka 1997. Baada ya vita vya pili kuanza mwezi wa nane 1998, wengine wengi wakatufuata. Tulikuwa Babembe, Bafuliru, Bavira, Babuyu, na watu wa Kalemie na Moba, wote chini ya mahema ya plastiki, na majirani zetu Waha wa Kasulu na Kigoma. Wote tulisema Kiswahili. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe! Kama tungekuwa na lugha mbali mbali kabisa, kila mtu angekuwa na subira, angetafuta mtu wa kutafsiri. Lakini mtu akisema maneno yako kwa njia nyingine, unadhani amefanya kusudi.

Kesi ya "bibi" inajulikana mpaka leo. Baba mmoja wa kwetu alikwenda kwenye zahanati ya kambi, akamwambia nesi wa Kitanzania: "Bibi yangu iko na mimba, anaumwa sana." Kwetu bibi ni mke. Kwa nesi, bibi ni nyanya, mama wa baba au mama wa mama. Nesi alicheka mpaka akaketi, akawaita wenzake nao wasikie. Baba yule alirudi nyumbani bila dawa, akasema hatakwenda tena mahali wanapomchekelea bibi yake. Mke wake alibebwa usiku na wamama wa kanisa. Na ukiuliza, hapakuwa na mwenye kosa la lugha. Zamani huko pwani pia bibi ilikuwa mke na mwanamke wa heshima. Kongo tumeshika maana ya kale, wao wameendelea na nyingine.

"Kufa" ilileta machungu. Kwetu baba amekufa, tunasema alikufa, na machozi yako ndani ya neno. Tanzania mtu anafariki. Kufa ni kwa mbuzi na kuku. Mjane mmoja wa kwetu alipoulizwa habari za mume wake akajibu "alishakufa", jirani Mtanzania akamkemea: "Usimseme marehemu namna hiyo!" Alikuwa anamfunza adabu, kwa nia njema kabisa. Mjane alisikia kwamba hata kilio chake kimekosewa.

Lililotuuma kuliko yote ni la wenzetu wa upande wa Kalemie. Kule "kuogopa" wengi wanatamka "kuongopa". Kwa Mtanzania, kuongopa ni kusema uongo. Mama mmoja aliulizwa na mwandishi kwa nini hataki kurudi Kongo, akajibu "Naongopa." Fikirini alichoandika yule mwandishi. Tulihangaika miezi kadhaa kusahihisha, na mwishowe alisaidiwa na mkalimani mmoja, mtoto wa Baraka, aliyekaa na mama na karani pamoja akawaeleza wote wawili. Hatutaji ofisi. Karani hakuwa mtu mbaya. Lakini neno moja kwenye karatasi lilitaka kuamua maisha ya watu sita.

Tena kuna hii, nayo inachekesha kidogo. Wengi wetu tukisema na mtu mzima tunatumia wingi: "Muko aje, muzee?" Muzee ni mmoja, lakini tunamwambia muko, kama ile "vous". Kigoma, muzee aliyeulizwa "muko aje" aligeuka kuangalia nyuma yake ni nani mwingine amekuja.

Polepole tulijifunza. Watoto ndio waliotangulia, kama kawaida. Shuleni walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, lakini sokoni na kwenye mpira walisoma Tanzania. Mwaka wa tatu, wa nne, mtoto akitoka kuchota maji alikuwa anasema "shikamoo" kwa Mtanzania na "jambo" kwa babu yake, bila kukosea. Wazee wengine walikataa shikamoo mpaka mwisho; watu wanaeleza kwamba inatoka kwa "nashika miguu yako", na mtu aliyekimbia vita hataki kushika miguu ya mtu. Hatuwalaumu. Wengine waliikubali, wakagundua utamu wake: ukiisema vizuri, muzee wa Kiha mwenye shamba anakuitikia "marahaba" na uso unafunguka, na pengine mnazungumza juu ya kulima.

Hapa tunataka kusema wazi tunachofikiri. "Tu" ya mkoloni na "jambo" yetu mbele ya muzee wa Kigoma si kitu kimoja, ingawa vyote viwili viliumiza. Mkoloni alijua heshima ni nini, alikuwa nayo mdomoni, akakunyima. Sisi tulitoa heshima yote tuliyokuwa nayo, haikutambulikana. La kwanza ni dharau, na dharau inajibiwa kama Lumumba alivyojibu, kwa kusimama. La pili linataka mtu wa kukaa katikati na kueleza, kama yule mtoto wa Baraka. Shida yetu katika chama ni kwamba tumeumizwa sana na la kwanza, kiasi kwamba tunaliona kila mahali.

Mwezi wa kumi 2005 meli za kurudisha watu zilianza kutoka Kigoma kwenda Baraka. Tulishuka tukidhani tumefika mahali ambapo hakuna tena wa kutusahihisha. Basi watoto wetu walisema "shikamoo" kwa bibi zao, yaani nyanya zao, na nyanya wakauliza ni kitu gani hicho. Waliobaki nyumbani wakati wa vita walituita "Batanzania". Kijana akisema "naomba maji" badala ya "nipe mayi", wenzake walimcheka kwamba anajifanya mtu wa pwani. Nao waliobaki walikuwa na lao: walikuwa wamelala porini tulipokuwa tunakula mahindi ya msaada, na kila tuliposema "kule Lugufu kulikuwa na zahanati", walisikia tunawadharau. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Kwa miaka mingi ilikuwa bora kutolitaja jina lake mezani.

Kuna pia maneno ambayo makabila yetu yaliitana wakati wa vita, ya kumwambia jirani kwamba si mtu wa hapa. Hatutayaandika, hata kwa kuyalaani. Katika kanuni za chama chetu memba anayeyatumia anaondoka, na wawili waliondoka kweli, mmoja wao alikuwa mtu wa komite.

Wakati huo huo wenzetu waliobaki Nyarugusu walianza kupelekwa Marekani, sana sana kuanzia 2015. Wanachotuambia ni kwamba kule mtu wa ofisi, msichana wa miaka ishirini, anamwita baba yako kwa jina lake tupu. Si Baba Furaha, si muzee. Jina. Mwanzoni wazee walikaa kimya wiki nzima kwa hasira. Baadaye wakaelewa kwamba yule msichana anamwita hivyo mkubwa wake wa kazi pia, na kwamba kwake ni njia ya kusema sisi ni sawa. Vijana wetu walifunzwa kazini kuandika ujumbe mfupi, wenye siku na saa, bila salamu ndefu, kwa sababu kumchelewesha mtu ndiyo kukosa adabu. Na wanasema hivyo wakiwa wamechoka, kati ya kazi ya usiku na basi ya asubuhi.

Basi rudieni yale maneno matano. Kijana aliona ameandika vizuri: kifupi, wazi, siku imetajwa. Tena alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana yeye na wenzake ndio wanaotuma sehemu kubwa ya franga, na hatutaki memba yeyote afikiri kwamba heshima kwa wazee ni pazia la kuficha hesabu. Muzee naye alisoma bila jambo, bila jina la baba, neno "nataka", na "kesho" kama ya bwana shamba. Alisikia ile sauti ambayo baba yake alikuwa akiiiga jioni. Alituambia hivyo mwenyewe, baadaye.

Kwa ninyi wafadhili, tunaomba ruhusa ya kusema kitu kimoja. Tunawapenda na tunawashukuru, aksanti sana. Miaka michache iliyopita alifika mjumbe na karatasi ya maswali. Kabla hajakaa, alimuuliza mama mjane, mbele ya watoto wake, kwamba jana walikula mara ngapi. Mama alijibu mara tatu. Haikuwa kweli, na kwa jibu hilo jina lake lilitoka kwenye orodha ya msaada. Mjumbe alikuwa na nyumba thelathini za kumaliza siku hiyo, tunaelewa. Sasa tumepatana na wale wanaokuja: siku ya kwanza ni ya kusalimiana tu na karatasi inabaki kwenye mfuko, na watoto wanatumwa maji kabla ya maswali mazito. Inachukua siku moja zaidi. Majibu yamebadilika.

Kuhusu sanduku, haikumalizwa na hotuba ya prezida, ingawa aliitoa, nayo ilikuwa ndefu. Mama wa yule kijana, anayekaa naye Marekani, alimpigia muzee simu usiku wa kule, asubuhi ya hapa. Walikuwa majirani Lugufu, hema kwa hema. Hawakuzungumza juu ya hesabu hata kidogo kwa nusu saa. Halafu akampa mtoto wake simu, na kijana akaanza: "Jambo muzee, muko aje?" Muzee alicheka, akamjibu "marahaba".

Alirudisha ufunguo kwenye kiuno chake juma lile. Lakini alikubali pia jambo ambalo hakulipenda: kila mwisho wa mwezi sekretari anapiga picha ya ukurasa wa daftari na kuutuma kwa wote, bila mtu kuomba. Ukurasa wa mwezi uliopita uko upande wa nyuma wa karatasi hii. Deni la yule mama wa hospitali linaonekana mstari wa nne. Wanamemba kumi na mmoja wameshachangia riba yake, na anayetaka kuongeza amwone muzee siku ya soko, saa za mchana.